Namna ya kupima zeolaiti, kuanzia jiwe hadi nishati yake

Anayeishi Arusha hana haja ya kwenda mbali kutafuta zeolaiti. Madini haya hutokea pale majivu ya volkano yanapokaa muda mrefu ndani ya maji yenye chumvi na magadi, na ukanda wetu wa Bonde la Ufa una volkano na maziwa ya magadi kwa pamoja. Mwanajiolojia Mmarekani Richard Hay, aliyeyachunguza matabaka ya Olduvai kuanzia miaka ya 1960, alieleza jinsi majivu yaliyoanguka katika ziwa la kale yalivyogeuka taratibu kuwa zeolaiti za aina ya filipsaiti, kabazaiti na analsimu. Jambo linalokosekana mara nyingi ni vipimo vinavyoaminika, na mwongozo huu unahusu namna ya kuvipata.

Nitangulize jambo moja, kwa kuwa katika mkoa huu huulizwa kabla ya mengine yote: je, zeolaiti huondoa floridi katika maji? Zeolaiti ya asili haiondoi floridi kwa kiasi cha kutegemewa. Kiunzi chake, yaani mpangilio wa atomi unaoijenga, kina chaji hasi, kwa hiyo hushika ayoni chanya kama sodiamu, potasiamu, amoni na risasi, ilhali floridi ni ayoni hasi nayo husukumwa mbali. Ni pale tu uso wa zeolaiti unapofunikwa na alumini, chuma au lanthani ndipo inapoanza kushika floridi, na hapo kinachofanya kazi ni kile kilichofunika, wala si zeolaiti yenyewe. Anayekuuzia jiwe la kusagwa kwa ahadi ya kufikisha maji ya kisima chini ya miligramu 1.5 za floridi kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, mwombe kwanza matokeo ya maabara.

Zeolaiti imejengwa kwa piramidi ndogo za pande nne, kila moja ikiwa na atomi ya silikoni au alumini katikati na oksijeni nne pembeni. Kila alumini inayokaa mahali pa silikoni huleta chaji hasi moja, na chaji hiyo husawazishwa na ayoni chanya zinazokaa katika vinjia vya ndani pamoja na maji. Maji haya huingia na kutoka bila kiunzi kuvunjika, na hapo ndipo ugumu wote wa kipimo ulipo. Gramu moja ya zeolaiti wakati wa masika si gramu ileile wakati wa kiangazi, kwa sababu jiwe hulipa na kulipwa maji na hewa ya chumba kila siku. Namba yoyote ya kemia au ya nishati isiyotaja hali ya maji ya sampuli haina maana, hata kama imetoka katika mashine ya mamilioni ya shilingi.

Kuchukua sampuli na kuisafisha

Anza na ruhusa. Olduvai iko ndani ya eneo la Hifadhi ya Ngorongoro na ni mahali pa urithi, kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kujiokotea mawe huko. Hata nje ya hifadhi, utafiti wa madini una taratibu zake, na ofisi ya madini ya mkoa ndiyo mahali pa kuulizia. Andika mahali, kina na tabaka ulikochukua, kwa sababu tufu (miamba ya majivu ya volkano yaliyoganda) mbili zilizoachana kwa mita chache zinaweza kubeba zeolaiti tofauti kabisa.

Kabla ya kusaga chochote, chukulia kwamba sampuli yako inaweza kuwa na erionaiti. Hii ni zeolaiti yenye nyuzi nyembamba, hutokea katika mashapo ya maziwa ya magadi, na vumbi lake ni kisababishi cha saratani ya utando wa mapafu kilichothibitishwa. Vijiji vya Karain na Tuzköy nchini Uturuki ndivyo vilivyoifunza dunia jambo hilo. Saga jiwe likiwa limeloweshwa, vaa barakoa ya kuzuia chembe ndogo wala si ya kitambaa, na usifagie meza kwa ufagio mkavu.

Kusafisha kuna mtego wake. Tufu zetu huja na kalisaiti, udongo wa mfinyanzi, feldispa na kioo cha volkano. Wengi hukimbilia asidi ya hidrokloriki ili kuondoa kalisaiti, na hapo huiharibu sampuli, kwa kuwa zeolaiti zenye alumini nyingi kama analsimu na filipsaiti huyeyuka katika asidi hiyo na kuacha jeli ya silika. Mmumunyo wa asetati ya sodiamu uliorekebishwa hadi pH 5 huondoa kalisaiti kwa upole zaidi, lakini nao huingiza sodiamu katika vinjia na kuzifukuza ayoni zilizokuwamo. Vivyo hivyo kwa kimiminika kizito cha politungisteti ya sodiamu, kinachotumika kutenganisha zeolaiti, ambazo nyingi zina msongamano wa kati ya 2.0 na 2.3, na feldispa au kwatzi zenye msongamano wa karibu 2.6. Njia ninayoipendekeza ni kugawa sampuli mapema: sehemu moja isafishwe kikamilifu kwa ajili ya kiunzi na vipimo vya joto, na nyingine ichambuliwe kwa mkono chini ya hadubini bila kugusa kemikali yoyote, ili ibaki na ayoni zake za asili.

Maji ya kusuuzia yasiwe ya bomba. Maji ya maeneo mengi ya Arusha na Meru yana sodiamu na floridi za kutosha kuivuruga sampuli. Hata maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta yapimwe kwanza upitishaji wake wa umeme kabla ya kuyaamini.

Kuisawazisha na unyevu

Weka mmumunyo wa chumvi safi ya maabara, ulioshiba hadi punje zionekane chini, katika sehemu ya chini ya desiketa, yaani chombo chenye mfuniko kisichopitisha hewa. Katika nyuzi 25 za Selsiasi mmumunyo huo hushikilia unyevu wa hewa iliyofungiwa katika asilimia 75. Tandaza unga wa sampuli katika sahani pana juu yake, funika, na upime uzito mara kwa mara hadi uache kubadilika. Hilo huchukua siku kadhaa, na kwa unga uliotandazwa kwa unene huzidi hapo. Kuanzia hapo kila kipimo chako kitaanza na unga uliotoka katika desiketa hiyo.

Anayeona hatua hii ni ya kupoteza muda afanye jaribio dogo. Atie gramu moja ya zeolaiti iliyokaushwa nyuzi 105 juu ya mizani ya tarakimu nne, aache mlango wa mizani wazi, kisha atazame. Tarakimu ya mwisho haitulii. Itapanda, tarakimu inayoitangulia itaifuata, na kabla hajamaliza kuandika namba ya kwanza katika daftari, namba hiyo itakuwa imeshapitwa. Kwa sababu hiyohiyo, kukausha sampuli katika oveni "ili iwe kavu" kabla ya kuipima hakufai kwa madini haya: nyuzi 105 huondoa sehemu tu ya maji, sehemu isiyojulikana, na jiwe huanza kuyarudisha mara tu mlango wa oveni unapofunguliwa.

Kuitambua

Miale ya eksirei ndiyo hakimu. Kwa mashine yenye mirija ya shaba, analsimu huonyesha vilele viwili vikali karibu na nyuzi 15.8 na 26 za pembe ya 2θ (pembe ambayo miale hupinda inapotoka katika sampuli), kabazaiti huanza karibu na 9.5, filipsaiti hujitambulisha karibu na 12.4, na klinoptilolaiti, zeolaiti nyingine, karibu na 9.8. Kabazaiti na klinoptilolaiti zinakaribiana katika kilele hicho cha kwanza, kwa hiyo usitoe hukumu kwa kilele kimoja. Zeolaiti iitwayo heulandaiti na klinoptilolaiti zina kiunzi cha aina moja na hutofautishwa kwa uwiano wa silikoni kwa alumini: chini ya 4 ni heulandaiti, 4 na kuendelea ni klinoptilolaiti. Njia ya zamani ya kuzitenganisha ni kuzichoma nyuzi 450 usiku kucha kisha kurudia eksirei; heulandaiti huporomoka, klinoptilolaiti hubaki imesimama.

Kemia yenyewe

Njia mbili zinakubalika kwa mchanganuo kamili. Ya kwanza ni kuyeyusha sampuli pamoja na metaborati ya lithi katika kikombe cha platini au grafiti, kwa joto la karibu nyuzi 1,000, kisha kuimumunya katika asidi ya nitriki iliyopunguzwa na kupima elementi kwa spektromita ya plazma. Ya pili ni eksirei ya mng'ao kwa kidonge cha kioo kilichoyeyushwa. Kidonge kilichoshindiliwa tu ni rahisi zaidi, lakini sodiamu na magnesi hutoka vibaya. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, iliyoko Dodoma, hupokea sampuli za mchanganuo, jambo linalomfaa asiye na kifaa chake mwenyewe. Asidi ya hidrofloriki nayo huvunja kiunzi vizuri, ila sishauri itumike mahali pasipo na chemba ya kufyonza mvuke inayofanya kazi na jeli ya glukonati ya kalisi iliyo karibu na mkono. Asidi hii hupenya ngozi bila maumivu ya haraka na huweza kuua.

Ukitumia hadubini ya elektroni, kumbuka kwamba mwale wake huifukuza sodiamu kutoka mahali unapogonga. Panua mwale, punguza mkondo, na upime sodiamu kabla ya elementi nyingine.

Maji yaliyomo katika jiwe hupimwa kwa mizani ya joto, inayopima uzito huku sampuli ikipashwa moto. Pandisha joto taratibu, nyuzi 2 kwa dakika badala ya 10, hadi 900 hivi. Maji ya zeolaiti hutoka kwa mfululizo mpana kuanzia joto la chumba hadi nyuzi 400 na zaidi; uzito unaopotea kati ya 600 na 800 kwa kawaida ni kaboni dioksidi ya kalisaiti iliyobaki, wala usiuhesabu kama maji. Analsimu safi, NaAlSi2O6·H2O, ina uzito wa moli wa gramu 220.15, hivyo inapaswa kupoteza asilimia 8.2. Ukipata 11, una kitu kingine ndani.

Sasa kagua hesabu. Badili asilimia za oksaidi kuwa atomi kwa idadi ya oksijeni za kiunzi, kisha linganisha chaji. Jumla ya alumini na chuma chenye chaji tatu inapaswa kulingana na sodiamu na potasiamu, pamoja na mara mbili ya kalisi, magnesi, stronti na bari. Chukulia mfano wa alumini na chuma 5.2, sodiamu 1.4, potasiamu 1.6, kalisi 0.8 na magnesi 0.2: upande wa ayoni chanya ni 1.4 + 1.6 + 1.6 + 0.4, yaani 5.0, na tofauti ni asilimia 4. Wataalamu huukubali mchanganuo ambao tofauti yake haizidi asilimia 10. Ukizidi hapo usiendelee na nishati. Rudi kwenye usafi wa sampuli, au ushuku kwamba sodiamu imepotea njiani.

Uwezo wa kubadilisha ayoni hupimwa kwa kujaza vinjia kwa amoni kutoka mmumunyo wa asetati ya amoni wa moli 1 kwa lita na pH 7, kusuuza, kisha kuifukuza amoni kwa kloridi ya potasiamu na kuipima. Rudia kujaza mara kadhaa, kwa sababu mara moja haitoshi. Linganisha jibu na lile la fomula: analsimu kwa hesabu ina milimoli 4.54 za chaji kwa gramu, klinoptilolaiti hukaribia 2.2. Hata hivyo analsimu haitakupa 4.54 katika chupa, kwa kuwa vinjia vyake ni vyembamba mno kwa ayoni ya amoni kupita kwa urahisi katika joto la kawaida. Tofauti hiyo ni sifa ya madini, si kosa lako.

Nishati ya maji

Hapa ndipo maabara ndogo inaweza kutoa kazi ya maana. Pima kiasi cha maji ambacho sampuli hushika katika unyevu mbalimbali, kwa joto la nyuzi 25, kisha urudie kwa nyuzi 50 na ikiwezekana 75. Miyeyusho iliyoshiba ya chumvi mbalimbali hukupa unyevu tofauti bila kifaa cha gharama, mradi ujue kwamba thamani zake hubadilika na joto. Badili unyevu kuwa kanieneo cha mvuke: asilimia 75 kwa nyuzi 25 ni kilopaskali 2.38, kwa kuwa mvuke ulioshiba katika joto hilo una kilopaskali 3.17. Chora grafu, kisha utafute, kwa kiasi kilekile cha maji katika jiwe, kanieneo katika kila joto. Tuseme kanieneo kimeongezeka mara 8 kutoka nyuzi 25 hadi 50. Zidisha logi asilia ya 8 kwa 8.314 (namba isiyobadilika ya gesi), ugawe kwa tofauti ya 1/298.15 na 1/323.15 (joto hizo mbili katika Kelvini), na utapata karibu kilojuli 67 kwa kila moli ya maji. Maji ya kawaida yanahitaji kilojuli 44 tu ili yageuke mvuke. Zile 23 zinazozidi ndizo nguvu ambayo jiwe limeyashikia maji yake, na utaona zikipungua kadiri vinjia vinavyojaa, kwa sababu maji ya kwanza hukaa karibu na ayoni na ya mwisho hujipenyeza palipobaki nafasi.

Usisahau kwamba mji wa Arusha uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka hapa karibu nyuzi 95, kwa hiyo anayehakiki kipimajoto chake kwa maji yanayochemka akitegemea 100 ataharibu kila kitu kinachofuata. Kanieneo cha hewa kiandikwe kila siku ya kazi.

Nishati ya kubadilishana ayoni

Andaa mfululizo wa chupa zenye jumla ileile ya chaji katika mmumunyo, lakini zenye uwiano tofauti wa ayoni mbili, kwa mfano sodiamu na potasiamu, kila moja ikiwa na kiasi kilekile cha zeolaiti. Tikisa kwa joto lisilobadilika hadi vipimo viwili mfululizo visitofautiane. Pima kilichobaki katika mmumunyo na kilichomo katika jiwe, yaani pande zote mbili, badala ya kukisia mmoja kwa kutoa. Kutoka hapo, kwa njia ya Gaines na Thomas ya mwaka 1953, unapata kigezo cha usawa, kinachoonyesha jiwe linapendelea ayoni ipi, na nishati huru ya Gibbs, yaani upendeleo huo ukiandikwa kama nishati. Kwa ayoni mbili zenye chaji moja moja, kigezo cha 10 kwa nyuzi 25 ni sawa na kilojuli hasi 5.7 kwa moli. Rudia kwa joto tatu au zaidi ili upate entalpi, yaani joto linalotolewa au kumezwa, kutokana na mteremko wa mstari. Joto mbili hutoa mstari ulionyooka siku zote, na huo haukuambii kama umekosea.

Umumunyifu na kalorimita

Nishati huru ya madini yenyewe hupatikana kwa umumunyifu. Analsimu moja pamoja na molekuli 5 za maji hutoa ayoni moja ya sodiamu, moja ya Al(OH)4 yenye chaji hasi, na molekuli 2 za H4SiO4. Funga unga katika chupa za plastiki ngumu au Tefloni, kamwe zisiwe za kioo, kwa kuwa kioo huchangia silika yake. Baadhi ya chupa zianze na maji matupu na nyingine na mmumunyo uliozidi kushiba, ili usawa ufikiwe kutoka pande zote mbili. Zikikutana katika namba moja, ndipo una haki ya kuuita usawa. Kazi hii huchukua wiki hadi miezi, na ukatikaji wa umeme ni adui yake mkubwa, kwa hiyo acha kinasa joto ndani ya beseni ili ujue ni saa ngapi lilipoa na kwa kiasi gani. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.1, maana kile cha 0.45 hupitisha chembe za alumini zisizomumunyika. Pima pH katika joto la jaribio: juu ya 9 asidi ya siliki huanza kupoteza hidrojeni, na usipoihesabu sehemu hiyo kigezo chako kitapotoka. Programu ya bure ya PHREEQC, ya Idara ya Jiolojia ya Marekani, hufanya hesabu hizo za ukolezi tendaji kwa dakika chache.

Entalpi ya kuundika kwa madini inahitaji kalorimita (kifaa cha kupima kiasi cha joto) ya kuyeyushia, ama katika asidi ya hidrofloriki ama katika oksaidi iliyoyeyuka, kwa kawaida borati ya risasi kwa nyuzi 700 hivi, njia iliyoendelezwa na Ole Kleppa na Alexandra Navrotsky. Unayeyusha zeolaiti, kisha oksaidi zake moja moja, na kwa sheria ya Hess, isemayo kwamba jumla ya joto haitegemei njia iliyopitiwa, tofauti ya majoto hayo inakupa entalpi. Entropi, kipimo cha kukosekana kwa utaratibu, hutoka katika ujoto mahususi uliopimwa kuanzia karibu Kelvini 5 hadi joto la kawaida, na hapo huongezwa mchango wa mpangilio usio na utaratibu wa silikoni na alumini ambao kalorimita haiwezi kuuona. Vifaa hivi havipatikani kwa urahisi hapa nchini, na sioni aibu kutuma sampuli nje. Linalobaki kuwa kazi yako ni kinachotumwa: unga uliosafishwa, uliotambuliwa kwa eksirei, wenye fomula iliyosawazishwa chaji, uliofungwa katika chupa isiyopitisha hewa mara tu ulipotoka kwenye desiketa, na lebo iliyoandikwa asilimia ya unyevu, joto la desiketa na asilimia ya maji kwa uzito. Anayeupokea naye apime maji upya kabla ya kuuyeyusha, na namba zote mbili ziandikwe katika jedwali la matokeo, kila moja na kadirio la kosa lake.